Mwalimu wa Kitenzi Kimoja

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, Mwalimu alitusomea sentensi kumi na tano kutoka kwenye daftari lake la jalada gumu, akalifunga, kisha akatuuliza kuhusu sentensi ambayo hakuisoma.

"Ya kumi na saba ilisemaje?"

Mikono ilipanda. Mmoja alisema ilihusu mashua. Mwingine alisema ilihusu mvua, na akaongeza kwamba aliipenda sana. Mwalimu alimsikiliza kila mmoja mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayepokea taarifa ya msiba, halafu alimwonyesha ukuta wa nyuma akasimame. Jibu lililotakiwa lilikuwa moja tu: "Haipo, Mwalimu." Aliyelitoa hakusifiwa, aliambiwa akae. Mimi nilisimama ukutani mara mbili nikiwa darasa la tano, na baada ya hapo sikusimama tena. Kwa miaka mingi nilidhani maana yake ni kwamba nilikuwa nimejifunza.

Shule yetu ilikuwa Mtunda, katikati ya mikorosho, naye alifundisha Kiingereza madarasa ya juu. Muhtasari wa masomo ulimtaka afundishe nyakati, umoja na wingi, na barua za kirafiki. Hayo aliyafundisha kwa wiki chache, bila furaha, kama mtu anayepalilia shamba la jirani. Muda uliobaki, yaani karibu mwaka mzima, alifundisha kitenzi kimoja: take. Alikitamka "teiki", kwa kukivuta, na sisi tukimwona anakatiza uwanja tuliambizana, "Teiki huyo!" tukakimbilia madawati.

"Hili neno ni kibarua wao," alituambia. "Popote penye kazi wanalituma. Mtu akimeza kidonge, hili. Akipiga picha, hili. Akifanya mtihani, hili. Akikaribishwa kiti, hili. Ndege ikipaa, hili hili, likiwa na mwenzake mdogo nyuma. Sisi tuna neno kwa kila kazi. Wao wamemwajiri mmoja na hawampumzishi."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akituonya, nadhani, ingawa sina hakika, kwa sababu kila nikikumbuka uso wake siku ile nakuta nimeuongezea kitu.

Hakuwa mtu wa kupendeka. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wanaoandika kuhusu walimu wao huwapaka mafuta. Huyu alikuwa na ukucha mrefu kwenye kidole kimoja tu, alioutumia kufuatia mstari anaposoma, na alinuka karatasi iliyolowa. Hakumchapa mtoto aliyekosea. Alimchapa aliyejibu haraka. Ukijibu kabla hajamaliza swali, hata jibu likiwa sahihi, ulinyoosha mkono. Mama yangu alisema huo ni wazimu, kwamba mahali pengine watoto wanachapwa kwa kutojua na sisi tunachapwa kwa kujua. Hakumwambia Mwalimu mwenyewe. Alipokutana naye njiani alishusha ndoo kichwani, akamwamkia kwa heshima zote, akapita.

Usemi wake mkubwa ulikuwa swali la Kiswahili: "Umeona wapi?" Mtoto akileta sentensi aliyoitunga kichwani, hata ikiwa haina kasoro, aliikataa. Sentensi ilitakiwa itoke mahali. Chini ya kila sentensi katika daftari lake aliandika "Chanzo", na mbele yake: chupa ya dawa ya kikohozi, kopo la dawa ya kunguni, boksi la betri, bahasha ya filamu za kamera. Hata majina ya sentensi yalitoka huko. Hakusema maana ya kwanza na maana ya pili. Alisema teiki ya chupa, teiki ya betri, teiki ya kopo. Mpaka leo nikiona kopo la dawa ya kunguni naligeuza kutafuta mahali alipoitoa.

Vyanzo vilikuwa vingi, kwa sababu hiyo ndiyo miaka biashara ilipofunguliwa. Nilipoanza darasa la kwanza duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti siku ya bahati, na rafu tupu zilizopanguswa vizuri. Nilipofika la tano maduka ya Kibiti yalikuwa yamefurika mpaka vitu vinaning'inia mlangoni: redio, mafuta ya nywele, biskuti, dawa za mbu, dawa za minyoo, dawa za kila mdudu. Vyote vimeandikwa Kiingereza. Bidhaa zilikuja na maneno, na maneno hayakuja na mtu wa kuyasoma. Kwa hiyo watu walimletea Mwalimu.

Siku moja walikuja wanaume wawili kutoka Mbwera, safari ya boti na kisha lori, wamebeba kitabu cha mashine ya boti kwenye mfuko wa nailoni. Tulikuwa darasani. Walisimama dirishani.

"Mwalimu, samahani. Mashine inakohoa. Tunaomba ututazamie kitabu kinasemaje."

Alikipokea, akaketi, akafungua ukurasa wa kwanza. Alisoma jina la kiwanda. Alisoma anwani ya kiwanda. Alisoma onyo la kwanza, la pili, la tatu, kila moja akilitolea maelezo, kamusi imefunguka magotini.

"Mwalimu," mmoja akasema, "sisi tunataka pale pa kukohoa tu."

"Mie siruki."

"Maji yatatuacha, Mwalimu. Tunarudi mbali."

"Mie siruki, baba. Mkitaka wa kuruka, Kibiti wamejaa."

Walilala kijijini siku mbili. Siku ya pili alifika pa kukohoa, akawaeleza vizuri, nao wakaondoka wakimshukuru kwa meno yaliyofungwa. Mwaka mzima kijijini mtu akichelewa na maji kisimani aliambiwa, "Na wewe huruki?" Sisi watoto tulifanya mchezo wa kusoma kila kilichoandikwa kwenye kiberiti kabla ya kukiwasha. Hatukujua tunacheza na nini.

Kitu kingine. Mtu huyu hakuzungumza Kiingereza. Hakuwahi, mbele yangu, kusema na mtu yeyote sentensi moja ya lugha ile kwa lengo la kuambiana kitu. Likizo ndefu alikwenda Salale, kwao mkewe, kulima mpunga, na huko alifika mgeni mmoja Mzungu kutazama biashara ya kamba wa baharini. Watu wakamsukuma Mwalimu mbele. Mgeni alizungumza kwa muda mrefu, akionyesha mikoko, maji, matenga. Mwalimu alisimama, kichwa kimeinama upande, akasikiliza mpaka mwisho, asijibu kitu. Mgeni akampa mkono, akaenda zake. Mkewe ndiye aliyetusimulia kisa hiki, kwa uchungu.

"Nikamuuliza, baba watoto, umemwelewa? Akasema, nimemwelewa yote. Nikamuuliza, sasa mbona umenyamaza kama gogo? Ati akaniambia, 'Nilikuwa namngojea. Hakuitumia teiki hata mara moja.'"

Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Lakini mgeni yule alikuwa anaulizia nani wa kuzungumza naye kuhusu maeneo ya kukusanyia kamba, na aliyezungumza naye mwishowe hakuwa mtu wa Salale. Sisemi mambo yangekuwa tofauti. Nasema tu kwamba aliyeelewa yote alinyamaza, na hilo nalo liandikwe.

Na hili pia: tulifeli. Mtihani wa darasa la saba haukujali kitenzi kimoja. Uliuliza nyakati, uliuliza wingi wa maneno yasiyofuata kanuni, uliuliza kila alichokipalilia bila furaha. Mwaka wetu tulichaguliwa wawili kwenda sekondari, na mwenzangu alikuwa na kaka Dar es Salaam aliyemfundisha likizo. Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja alisimama, kofia mkononi.

"Mwalimu, sisi hatuna elimu, utatuwia radhi. Mwanangu anajua teiki arobaini. Hajui kusema jana nilikwenda. Sasa huko aendako atakwenda na teiki tu?"

Mwalimu alijibu, "Ulizonitajia ni nyingi kuliko nilizowafundisha. Hazijafika arobaini."

Nilikuwa nimekaa nje chini ya dirisha na nilisubiri aseme neno jingine. Nimelisubiri miaka mingi. Mimi nimefika chuo kikuu, na sijui kama nimefika kwa sababu yake au kwa kumkwepa. Siku nyingine nafikiri alinifundisha kitu kimoja kikubwa, kutodai kuona nisichokiona. Siku nyingine nawafikiria wenzangu thelathini na wangapi waliobaki, wanaouza mkaa barabarani, ambao wangefundishwa na mwalimu wa kawaida kabisa na wakafaulu kawaida kabisa.

Kwa nini ile "Mie siruki" yake? Jibu nilikuwa nalo nyumbani, mgongoni mwa mjomba wangu, na sikulijua.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na mikorosho mingi, na kabla sijaanza shule mikorosho ya Mtunda iliingiwa na ule ugonjwa wa unga unaokausha maua. Mfanyabiashara alileta dawa mpya ya maji, ya kupulizia kwa bomba la kubeba mgongoni, pamoja na kikaratasi cha maelezo. Wakulima walikusanyika shuleni. Mwalimu, wakati huo kijana mgeni kijijini, aliombwa asome na kueleza.

"Alisoma vizuri sana," Mjomba aliniambia, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima. "Sauti ya redio. Anasoma mstari, anaeleza. Anasoma mstari, anaeleza. Pale katikati akakohoa, akaendelea mbele."

Mahali alipokohoa palikuwa na mstari usemao kwamba dawa ikimwagikia nguo, mtu avue mara moja na kujiosha. Ndani yake kitenzi kile kilikuwa kimekaa kwa namna ambayo Mwalimu hakuwahi kuiona. Watu zaidi ya arobaini walikuwa wanamtazama. Akaruka.

Bomba la Mjomba lilivuja. Alipulizia tangu asubuhi mpaka adhuhuri na shati limelowa, akidhani ni jasho. Ngozi ya mgongo ilitoka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Alilalia tumbo miezi miwili. Kovu nimeliona tangu utotoni, linang'aa, na niliambiwa ni moto.

"Mwalimu alikuja kunitazama," Mjomba alisema. "Akachuchumaa hapo mlangoni. Akaniambia, 'Pana mstari niliuruka.' Basi. Analia. Nikamwambia, Mwalimu, hata ungeusoma, pengine nisingevua. Nina shati moja."

Mjomba alisimulia hayo akicheka. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumletea Mwalimu maboksi. Aliokota hata yaliyokanyagwa stendi Kibiti, akayakung'uta, akayapeleka. Mama ndiye hakusamehe, ndiyo maana ya ile ndoo na yale maamkizi marefu. Na mimi nikagundua kwamba katika Ijumaa zote zile, katika sentensi zote zenye vyanzo vyake, teiki ya kikaratasi cha mikorosho sikuwahi kuisikia. Alikusanya nyingine zote. Ile moja hakuwahi kutusomea.

Nilimaliza chuo kikuu mwaka ambao serikali ilikuwa imeacha kuajiri wahitimu. Waliotutangulia walipangiwa kazi kabla hawajavua majoho. Sisi tulipewa cheti na kushikwa mkono. Nilirudi Mtunda na begi la vitabu, nikakaa barazani kwa mama nikipima kila uamuzi mpaka unaoza. Huko maofisini kila mtu alikuwa anapunguzwa: reli, viwanda, bandari, sasa walimu. Ikatoka barua kwamba walimu wa Kiingereza wasio na cheti cha kidato cha nne watafanya mtihani, na atakayeshindwa atapunguzwa. Mwalimu alikuwa mwalimu wa daraja la tatu, wa mafunzo ya haraka, wale waliofundishwa ualimu wakiwa wenyewe bado vijana wa darasa la saba. Hakuwa na cheti hicho. Alikuwa amefundisha karibu miaka ishirini.

Mjomba alinituma nimwambie ajiandae. Nilimkuta anapanga maboksi.

"Mwalimu, itakuja barua, itakuja ufupisho wa habari, zitakuja nyakati. Jigawie muda."

"Zitakuja ngapi?"

"Maswali matano, nasikia. Alama kumi kumi. Kufaulu ni ishirini na tano."

"Na mtu akianza swali, anaruhusiwa kulimaliza?"

Nilidhani ananitania. Nikamjibu, "Anaruhusiwa, Mwalimu." Ningejua, ningemjibu vingine. Au pengine nilijua.

Mtihani ulifanyika Kibiti, na wiki moja baadaye walitafutwa wahitimu wasio na kazi wa kusahihisha. Tulikuwa sita, katika darasa la shule iliyokuwa likizo, madawati ya watoto yakitubana magoti. Msimamizi wetu alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyetembea na chupa ya chai kwapani. Kila mmoja alipewa rundo lake. Karatasi zilikuwa na namba, hazikuwa na majina.

Swali la kwanza lilimtaka mtahiniwa aandike sentensi kumi zinazoonyesha matumizi kumi tofauti ya kitenzi take.

Nilipolisoma kwenye mwongozo nilifurahi mpaka nikatazama kando, nione kama kuna aliyeniona. Nilifikiri: hatimaye, mara moja katika maisha yake, wamemuuliza.

Karatasi yake ilikuwa ya nne katika rundo langu. Sikuhitaji jina. Sentensi ya kwanza, na chini yake: Chanzo, chupa ya dawa ya kikohozi. Ya pili: Chanzo, boksi la betri. Nikasoma kama ninavyotembea njia ya nyumbani. Ya tano, ya sita, ya saba, herufi zake za mviringo, kila mstari umefuatiwa na ukucha, niliweza kuuona. Ya kumi ilikuwa kamili. Nikageuza ukurasa niende swali la pili, nikakuta ya kumi na moja.

Nikageuza tena. Nikageuza tena. Karatasi zilikuwa zimefungwa kwa uzi, kurasa za nyongeza alizoomba, kumi au zaidi, na zote zilikuwa swali la kwanza. Mwalimu mmoja aliyekaa karibu naye siku ile aliniambia baadaye kwamba kengele ya mwisho ilipopigwa bado alikuwa anaandika, hana haraka, kama mtu mwenye mwaka mbele yake. Maswali mengine manne hakuyagusa.

Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, mzee. Mtu akizidisha?"

"Kuzidisha nini?"

"Ameulizwa kumi. Ameandika nyingi."

"Mwongozo unasemaje?"

"Kumi."

"Basi kumi. Au unataka tumpe na za akhera?" Wenzangu wakacheka. Akamimina chai. "Mwanangu, tuna siku tatu. Soma kumi, weka alama, twende."

Niliweka kumi juu ya kumi. Kisha nikaandika sifuri, mara nne, moja chini ya nyingine, kwa kalamu nyekundu, nikazipa umbo zuri. Jumla: kumi juu ya hamsini. Kurasa za katikati sikuzisoma. Nilizishika zote pamoja kati ya dole gumba na kidole, nikazipindua kwa mara moja, nikachukua karatasi ya tano.

Hiki ndicho nilichokizunguka tangu mstari wa kwanza. Nimejiuliza kama ningeweza kuandika kijibarua na kukibandika juu yake, kwamba mtu huyu anajua. Ningeweza. Nimejiuliza kama mkono wangu ulikuwa unalipia mgongo wa Mjomba au wenzangu waliobaki kwenye mkaa. Hiyo ingekuwa sababu, na watu wenye sababu hulala. Ukweli ni mdogo kuliko hapo. Nilikuwa na rundo la karatasi, chumba kilikuwa na joto, watu walikuwa wamecheka, na nilitaka msimamizi anione kuwa mtu mwepesi wa kazi, anikumbuke nafasi nyingine ikitokea.

Haikutokea nafasi nyingine.

Mwalimu alipunguzwa kabla ya mvua za masika. Walimu walimwandalia soda. Alihamia Salale, kwao mkewe. Maboksi aliyaacha shuleni, na mwalimu aliyefuata, mwenye cheti, aliyachoma siku ya usafi. Mjomba alikwenda kutazama moto ule. Aliporudi hakusimulia akicheka.

Ilipita miaka miwili. Nilipata kibarua cha kuuliza watu maswali, kwa ajili ya mradi fulani uliotaka kujua wavuvi wa delta wanaishije, nikafika Salale kwa boti, saa nne asubuhi, fomu zikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Mahali pa kupokelea kamba palikuwa banda la mabati pembeni ya mkondo. Meza ndefu, wanawake saba au wanane, na kamba wakiingia kwa matenga. Kazi yao ilikuwa kuwatenga kwa ukubwa: wakubwa huku, wa kati huku, wadogo huku, haraka, kabla barafu haijayeyuka. Mwishoni mwa meza alikuwa amekaa Mwalimu.

"Mwalimu, una mgeni!" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Ana fomu! Jifiche!"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Hakuinua uso. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimepasuka kwa chumvi na baridi, na ule ukucha mrefu haukuwapo. Alimshika kila kamba, akamgeuza, akamtazama, akamweka. Wanawake walimaliza matenga matatu yeye akiwa kwenye moja.

"Huyu baba anawauliza kamba umri wao," jirani yake aliniambia. "Tumemzoea. Mkewe akija tunamwambia, shemeji, mumeo leo ameongea na wawili."

Alitabasamu kidogo. Nyuma yake yalikuwa yamepangwa maboksi ya kusafirishia, makubwa, yamechapwa Kiingereza pande zote. Upande unaomwelekea yeye yalikuwa yamegeuzwa, maandishi ukutani. Nilitazama mara mbili. Ni yale ya upande wake tu.

Nilikuwa nimepanga nisimwambie. Kwenye boti nilikuwa nimepanga nimwambie, kisha nisimwambie, kisha nimwambie wakati wa kuaga ili nisione uso wake. Nikajikuta nimeshasema.

"Mwalimu, karatasi yako ya mtihani niliisahihisha mimi."

Alimweka kamba kwa wakubwa. Akachukua mwingine.

"Swali la kwanza ulinipa ngapi?"

"Kumi juu ya kumi."

"Ulizisoma zote?"

Wanawake walikuwa wanasikiliza boti nyingine inayoingia. Nilitazama vile vidole. Nilifikiri kwamba kitu pekee ninachoweza kumpa mtu huyu sasa ni msomaji mmoja.

"Nilizisoma, Mwalimu. Zote."

"Ya arobaini na mbili uliionaje?"

Akainamisha kichwa upande.

"Ilikuwa nzuri sana, Mwalimu," nikasema. "Niliipenda."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeuza kamba aliyekuwa mkononi, akamtazama tumboni, akamtazama mgongoni, akamweka kwa wadogo.

"Niliishia arobaini na moja," akasema. "Ya mwisho ni ile ya mjomba wako."

Halafu akaniomba nisogee nyuma, mpaka ukutani, kwa sababu barafu ilikuwa inaingia na nilikuwa nimesimama njiani.